Flashi ya GB 32 kuwa RAM: yawezekana, na je, yafaa?

Swali: "Asalaam alaikum. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi zangu ni barua, CV, fomu za eCitizen na KRA, kuskani vitambulisho na picha. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G2 ya mtumba, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Nikifungua Chrome yenye vichupo sita saba, Word na skana kwa pamoja, inaganda mpaka mteja anachoka na kuondoka. Rafiki yangu amenichomekea flashi ya GB 32 akaiweka ReadyBoost, akasema sasa nina RAM GB 36. Mwanzo niliona imechangamka kidogo, kisha ikarudi vile vile. Sasa anataka tuhamishe virtual memory yote iende kwenye flashi. Flashi haionekani kwenye orodha ya Windows, lakini ameona video ya kuilazimisha. Flashi hiyo hiyo ndiyo ninayobebea kazi za wateja. Nimfuate, ama nitaharibu mashine?"

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuifuata ile video. Unataka kujua mambo mawili: kama flashi inaweza kuziba pengo la RAM, na kama kuilazimisha kutaleta madhara. Nikujibu mapema usikae roho juu. Mashine haitaungua. Lakini flashi itakufa kabla ya siku zake, na siku itakayochomoka, kazi zote zilizo wazi zitakwenda nayo. Na baada ya kuvumilia hayo yote, kasi unayoitafuta hutaipata. Mashine yako ina njia nyingine iliyo bora zaidi, na tutafika huko.

Kwanza tuiondoe ile hesabu ya GB 36. RAM yako ni GB 4, na itabaki GB 4 hata ukichomeka flashi kumi. Hapa yamechanganywa mambo matatu yasiyo sawa: RAM yenyewe, kumbukumbu pepe (ndiyo hiyo virtual memory), na ReadyBoost. Rafiki yako hana nia mbaya. Majina yenyewe ndiyo yanayopotosha.

RAM ni mahali ambapo prosesa inafanyia kazi moja kwa moja. Windows huikatakata katika kurasa ndogo ndogo za KB 4. Inapokaribia kujaa, huangalia zipi hazijaguswa kwa muda, na kuzihamishia diskini katika faili liitwalo pagefile.sys. Chrome haijui kwamba kichupo chake cha tatu kimehamishwa. Ukikibofya, prosesa inakuta ukurasa haupo, Windows inaisimamisha Chrome, inakwenda diskini kuutafuta, na kama RAM bado imejaa, lazima itoe ukurasa mwingine ndipo huo upate nafasi. Safari hizo zikiwa nyingi, mashine inashughulika na kuhamisha tu, na wewe unaona skrini imeganda huku taa ya diski ikiwaka bila kupepesa.

Chukua mfano wa seremala hapo hapo Langoni ambaye meza yake ni ndogo na mbao zake ziko ghalani Mokowe, ng'ambo ya maji. Akihitaji ubao mmoja, mashua ivuke. Na ili ubao huo upate mahali pa kukaa, mwingine urudishwe ng'ambo. Ukimjengea ghala la pili Mokowe, meza yake haiongezeki hata shubiri moja. Flashi ni ghala la pili, na mashua yake ina tabia ya kushangaza: kuleta inaleta upesi, kupeleka inasuasua.

Tabia hiyo ndiyo kiini cha jibu langu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

RAM hujibu kwa muda wa nanosekunde mia moja hivi. SSD nzuri (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) hujibu kwa mikrosekunde mia moja, yaani mara elfu moja polepole zaidi. Diski ya kuzunguka, kwa kuwa mkono wake lazima usogee na sahani izunguke mpaka pale panapotakiwa, huchukua kama milisekunde kumi. Tukinyoosha muda ili RAM ichukue sekunde moja, SSD itachukua kama dakika 17, na diski yako itachukua zaidi ya siku nzima, kama saa 28. Flashi ya kawaida, ikiwa inasoma vipande vidogo vilivyotawanyika, huwa katikati: huishinda diski ya kuzunguka kwa mbali. Ikiwa inaandika vipande vidogo vilivyotawanyika, flashi nyingi za bei ndogo huwa mbaya kuliko hata diski ya kuzunguka.

Kwa nini iandike vibaya hivyo? Unakumbuka ubao wa chuoni, ule wa kuandikia kwa wino na kuosha? Ukikosea neno katikati huwezi kuliosha hilo peke yake bila maji kuchirizika juu ya mengine, basi unaosha ubao wote na kuandika upya. Seli za flashi ziko hivyo. Huandikwa kwa kurasa za KB kadhaa, lakini hufutwa kwa bloku nzima, ambayo inaweza kuwa na mamia ya KB au MB kadhaa. Windows ikitaka kubadilisha KB 4 tu, kidhibiti kilicho ndani ya flashi mara nyingi hulazimika kunakili yaliyobaki ya bloku hiyo mahali pengine, kisha kufuta, kisha kuandika. SSD hufanya kazi ile ile kwa ustadi kwa sababu ina kidhibiti chenye nguvu, chipu nyingi zinazoandikwa kwa pamoja, bloku za akiba zilizokwisha kufutwa tayari, na Windows huiambia ni sehemu zipi hazitumiki tena. Flashi ya kawaida ina kidhibiti kidogo na chipu moja au mbili, haina zaidi.

Na kama ubao, kila kuosha kunachakaza. Seli za aina bora kabisa za zamani zilivumilia kufutwa kama mara 100,000. Zile zinazowekwa katika flashi za leo huhesabiwa kwa elfu chache, na za bei ya chini kabisa kwa mamia. Tufanye hesabu ya makadirio. Tuseme duka lako linaandika GB 5 za kurasa kwa siku, na kwa ajili ya ule unakili wa bloku nzima, flashi yenyewe inaandika mara kumi ya hizo, GB 50. Kama faili la kurasa ni GB 4, na kidhibiti duni kinazungukia eneo lile lile bila kusambaza uchakavu, kila seli pale inafutwa kama mara 12 kwa siku. Seli za kuvumilia mara 500 zitakwisha kwa siku 40 hivi. Kidhibiti kizuri kikisambaza mzigo katika GB 32 zote, muda utavuka miezi kumi. Huwezi kujua kwa kuiangalia flashi ni ya aina gani, na hilo peke yake latosha kukufanya usiweke humo vitambulisho vya watu.

Sasa ReadyBoost, ambayo rafiki yako ameshaiweka. Hii ni nyingine kabisa, na wala si ya kudharauliwa. Ililetwa na Windows Vista mwaka 2007, wakati kompyuta nyingi zilikuwa na RAM ya GB 1 au pungufu. Windows huweka katika flashi nakala ya vipande vidogo vya diski vinavyosomwa mara kwa mara. Vikihitajika tena, vinasomwa kutoka flashi badala ya kungoja mkono wa diski. Mafaili makubwa yanayosomwa kwa mfululizo huachiwa diski, kwa sababu huko diski ndiyo yenye kasi. Ili flashi ikubaliwe, Vista ilitaka isome vipande vya KB 4 kwa angalau MB 2.5 kwa sekunde. Ni kidogo, lakini ukigawanya unapata visomo 640 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka huweza kama mia moja tu. Umeona ujanja wao: waliichukua flashi kwa lile inalolifanya vizuri, kusoma, wakaiepusha na lile inaloshindwa.

Ndiyo maana ulihisi mashine imechangamka kidogo mwanzo. Word ilifunguka upesi zaidi kwa kuwa vipande vyake vilikuwa kwenye flashi. Kisha ukafungua vichupo saba na skana, RAM ikajaa, na kuandika kukaanza. ReadyBoost haipunguzi uandishi, kwani kila kinachoandikwa lazima kifike diskini kwanza. Basi mkarudi pale pale.

ReadyBoost ina mazuri mawili ambayo kumbukumbu pepe kwenye flashi haina. Ukiichomoa ghafla hakuna kinachopotea, kwa sababu asili yote ipo diskini. Na faili lake, utakaloliona kwa jina ReadyBoost.sfcache, limesimbwa (yaani limefungwa kwa msimbo wa siri) kwa AES ya biti 128, kwa hiyo mtu akiokota flashi hiyo hasomi kitu ndani yake. Ukiamua kuendelea nayo kwa muda, weka flashi ya peke yake. Ipe kati ya GB 4 na GB 10. Microsoft wenyewe walipendekeza uwiano wa flashi kwa RAM wa kuanzia 1:1 mpaka 2.5:1. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haiwezi kubeba faili la zaidi ya GB 4, kwa hiyo ukitaka zaidi iwe NTFS au exFAT. Na siku utakapoweka SSD, Windows yenyewe huenda ikakuambia kwamba mashine ina kasi ya kutosha na ReadyBoost haitasaidia. Iamini.

Lakini ile ya kubebea kazi za wateja, iondoe leo. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, "Properties", ukurasa wa "ReadyBoost", chagua "Do not use this device", kisha OK, kisha itoe kwa utaratibu kabla ya kuichomoa.

Nije kwenye ile video. Windows haikusahau kuionyesha flashi katika orodha ya kumbukumbu pepe. Imeiacha kwa makusudi, kwa sababu ni kifaa cha kuchomoka. Wanaoilazimisha hutumia dereva (programu inayoendesha kifaa) ya kuidanganya Windows ili iione flashi kama diski isiyohamishika. Fikiria kitakachotokea. Ndani ya faili la kurasa hamna nakala. Hicho kilichoko humo ndicho chenyewe, hakipo mahali pengine popote. Flashi ikipotea, Windows ikienda kuchukua ukurasa wake inakuta hakuna mlango. Ikiwa ni ukurasa wa Chrome, Chrome inakufa. Ikiwa ni ukurasa wa kiini cha Windows, unapata skrini ya bluu yenye maneno KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, na fomu ya mteja uliyokuwa ukiijaza imekwenda.

Utasema, sitaichomoa. Lakini hapo Lamu hewa yenyewe ina chumvi. Milango ya USB ya laptopu za mtumba imelegea, na vipande vyake vya shaba hupata ukungu wa kijani. Mtu akigusa meza, au flashi ikipata joto na kutanuka kidogo, mguso unakatika kwa nukta moja kisha unarudi. Ukiwa unanakili picha, nukta hiyo ni usumbufu tu. Ukiwa umeweka kumbukumbu pepe, nukta hiyo ni skrini ya bluu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Faili la kurasa la Windows, kwa kawaida, halijasimbwa. Humo hutupwa chochote kilichokuwa katika RAM: namba ya kitambulisho iliyoskaniwa, PIN ya KRA, wakati mwingine hata neno la siri lililochapwa dakika iliyopita. Watu wa mtaa wanakuletea karatasi hizo kwa kukuamini. Kuyaacha hayo katika kitu cha ukubwa wa kidole kinachoweza kuanguka mchangani ni kuwaweka wao hatarini, wala si wewe peke yako.

Huenda mtu akakuambia kwamba Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, unakubali kumbukumbu pepe kwenye flashi. Inakubali, ndiyo. Amri mbili, mkswap na swapon, na flashi inakuwa eneo la kubadilishana kurasa bila ubishi. Lakini kukubali kwa Linux hakubadilishi maumbile ya flashi. Uchakavu ni ule ule, kuchomoka ni kule kule. Wenye Linux wana njia bora zaidi, iitwayo zram, inayobana kurasa na kuziweka ndani ya RAM hiyo hiyo zikiwa zimesinyaa. Kwenye Debian, Ubuntu au Mint unaweka zram-tools, kisha katika faili /etc/default/zramswap unaandika ALGO=zstd na PERCENT=50, unawasha upya. Windows 10 nayo hubana kurasa yenyewe bila kuambiwa. Nalitaja la Linux pia kwa sababu Microsoft waliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya 840 G2 haimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Kwa duka linaloshika nyaraka za watu, hilo lifikirie mapema.

Basi ufanye nini? Anza kwa kujua tatizo lenyewe, usinunue kwa kubahatisha. Washa mashine, fungua kazi zako za kawaida zote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda "Performance". Angalia "Memory" na "Disk" wakati mashine imeganda hasa. Memory ikiwa juu ya asilimia 85 na diski imefika 100 kwa wakati mmoja, RAM ndiyo haitoshi. Kwa uhakika zaidi, fungua resmon (Resource Monitor ya Windows), ukurasa wa "Memory", utazame safu ya "Hard Faults/sec": ikiruka mamia kila unapobadilisha dirisha, hizo ndizo safari za Mokowe. Lakini Memory ikiwa asilimia 60 na bado diski iko 100, usikimbilie RAM. Huenda diski inakufa, au Windows inapakua marekebisho nyuma yako. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, nakili kazi zako zote kwanza, maneno mengine baadaye.

Pale pale kwenye "Memory" kuna maneno "Committed" na namba mbili, kwa mfano 6.8/7.9 GB. Ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zako zimeahidiwa, na ya pili ni kikomo, yaani RAM pamoja na faili la kurasa. Iandike ile ya kwanza siku yenye kazi nyingi. Hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini.

Kama rafiki yako ameshagusa mipangilio ya kumbukumbu pepe, irudishe. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", "Settings" ya chini ya "Performance", "Advanced" tena, kisha "Change". Weka alama kwenye "Automatically manage paging file size for all drives", OK, uwashe upya. Na usimsikilize anayekuambia uizime kabisa ili mashine iwe nyepesi. Ukiizima, RAM ikijaa programu hazitaganda, zitafungwa zenyewe. Acha pia GB 15 au 20 tupu kwenye C ili faili hilo lipate pa kutanukia.

Zipo hatua za bure ambazo zitakupa nafuu wiki hii. Katika Task Manager, ukurasa wa "Startup", zima kila kisichohitajika asubuhi. Programu za kichapishi na za kupiga simu za video hujiweka humo bila kuomba ruhusa. Tumia kivinjari kimoja, usifungue Chrome na Edge pamoja. Washa ndani ya Chrome ule mpangilio wa kuokoa kumbukumbu, ambao hulaza vichupo usivyovitumia. Skani vitambulisho kwa 300 dpi. Ukiweka 1200, picha moja inakula kumbukumbu mara kumi na sita, na mteja haoni tofauti yoyote kwenye karatasi.

Dawa hasa ni RAM. 840 G2 ina nafasi mbili za SODIMM (vijiti vya RAM vya laptopu) na inafika GB 16. Mwenye GB 4 kwa kawaida ana kijiti kimoja, na nafasi ya pili iko wazi. Task Manager itakuonyesha "Slots used: 1 of 2". Unachotafuta ni DDR3L, chenye maandishi PC3L-12800S kwenye karatasi yake. Hiyo herufi L ni ya maana sana. Kijiti cha PC3 bila L kinataka volti 1.5, na mashine za kizazi hiki hutoa 1.35, utakiweka, kitaingia vizuri, na skrini itabaki nyeusi. DDR4 haingii kabisa: ina pini 260 na pengo lake liko kwingine, wakati DDR3L ina 204. Ukiongeza kijiti cha GB 4 utakuwa na GB 8, na vijiti viwili vilivyolingana hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, jambo linalosaidia hata uchoraji wa vitu kwenye skrini. Ukiweza GB 8 ufike 12, ni vizuri zaidi kwa kazi yako.

Kuiweka si kazi ngumu, inataka utulivu tu. Zima mashine huku umeshikilia Shift ili izimike kweli kweli, chomoa chaja, toa betri, kisha kandamiza kitufe cha kuwasha sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma kilichogusa ardhi, na usifanyie kazi juu ya zulia au mkeka wa nailoni. Kifuniko cha chini cha mashine hii hufunguka kwa kusukuma kufuli lake dogo. Vipande vya dhahabu vya kijiti vikiwa na weusi, visugue taratibu kwa raba safi ya penseli, futa kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, ngoja vikauke. Usitumie marashi wala mate. Vyote viwili vinaacha kitu kinacholeta kutu. Ingiza kijiti kwa mshazari, kama nyuzi 30, mpaka dhahabu isionekane, kisha kilaze mpaka vibano vya pembeni vilie kwa pamoja. Ukiwasha mara ya kwanza inaweza kukawia kidogo kabla ya kuonyesha kitu. Usiizime kwa haraka. Ikibaki nyeusi, toa kijiti kipya, jaribu cha zamani peke yake, halafu kipya peke yake katika nafasi ile ile. Ikiwaka, andika mdsched (kipimo cha RAM cha Windows) ukakiache kipimo kimalize, kwa sababu kijiti kibovu cha mtumba huharibu mafaili kimya kimya kwa wiki kabla hujagundua.

Na SSD je? Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, rudi kwenye namba yako ya "Committed". Ikiwa siku ya kazi nyingi inavuka GB 6, nunua RAM kwanza, kwani SSD itapunguza maumivu ya kuhamisha kurasa bila kuyaondoa. Ikibaki karibu na GB 4 au 5, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7, GB 240 au 256, na utashangaa. Isipokuwa CrystalDiskInfo imeonyesha njano: hapo SSD ni ya kwanza bila mjadala, kwa sababu diski hiyo imebeba kazi za watu. Faili la kurasa kukaa kwenye SSD hakuna ubaya wowote. Imeundwa kuvumilia uandishi wa namna hiyo, na kwa matumizi ya duka lako itachukua miaka.

Flashi yako nayo ipime kabla ya kuiamini tena. Nyingi sokoni huandikwa GB 32 na ndani zina GB 8; zinapokea mafaili yote kisha zinarudisha takataka. Nakili kilichomo pengine, kisha endesha H2testw juu ya Windows, au f3write na f3read juu ya Linux. Inachukua muda mrefu, iache usiku.

Kuna wakati usishike bisibisi mwenyewe. Ukiona betri imevimba, ukikuta kijani au weupe wa chumvi juu ya ubao wenyewe, au kama mashine iliwahi kuingia maji, mpelekee fundi ana kwa ana. Ukiagiza kijiti kutoka Mombasa au Malindi, piga picha karatasi ya kijiti cha zamani umtumie muuzaji kabla hajafunga mzigo, na mwambie akitie ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha ndani ya mfuko mwingine usiopenya maji kwa ajili ya mashua ya Mokowe. Kwa fundi, kaa pale wakati inafunguliwa, na usiondoke kabla hujaiona Task Manager ikiandika GB 8. Na ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga gonga, izime papo hapo na usijaribu tena kuiwasha ili kuokoa faili la mwisho. Kila unapoiwasha, kichwa chake kinaweza kuikwaruza sahani zaidi, na fundi wa kuokoa data atakuwa na kidogo zaidi cha kuokoa.